Kadi ya Matanga ya Mzee Ngwali

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na ukijikuta umefika huko usiseme nimekuelekeza mimi. Inaitwa Neema Kuu. Ina rais, ina bunge, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina mtaa mmoja ambao serikali huwaonyesha wageni wa nje kama bibi anavyoonyesha jino lake la dhahabu. Mtaa huo ni Mwinuko wa Fahari. Nimekaa humo miaka thelathini na sita.

Usije ukatafuta mwinuko. Ardhi ya huko imelala kama sinia. Sisi tuliohamia mwanzo tulipaita Matopeni, kwa sababu mtu alivua viatu tangu kwenye mfereji, na vyura walimtangulia mlangoni. Halafu akaja balozi mmoja akajenga. Balozi mwenzake akaona wivu, akajenga na yeye. Asubuhi moja tukaamka tukaambiwa tunakaa katika mtaa ghali kuliko yote nchini, na mwenye mawazo ya kuvua viatu aondoke mapema.

Nyanya zikaanza kuuzwa moja moja, zimevishwa karatasi kama zinakwenda shule. Kinyozi akawa hakunyoi bila miadi. Ikaja Ada ya Kivuli kwa wenye miti, na Ada ya Kukosa Kivuli kwa wasio nayo. Mimi sikulalamika. Nilikuwa karani wa serikali miaka thelathini na moja, na karani halalamiki, huandika dokezo. Niliandika madokezo sabini na mawili. Nilijibiwa moja, likisema dokezo langu limepokelewa na niache kuandika.

*

Mkurugenzi wa mtaa wetu alikuwa Mheshimiwa Daktari Lubasha. Daktari wa nini, hatukuambiwa, na kwa adabu hatukuuliza. Siku moja alituita kwenye uwanja wa nyasi usiokanyagwa, tukasimama pembeni ya nyasi, naye akapanda jukwaani.

"Ndugu wakazi," alisema, "wataalamu wamenithibitishia kwamba mita moja ya mraba ya Mwinuko ina thamani ya ng'ombe wanne. Mgeni wenu anapokuja akakaa, amekalia ng'ombe wa taifa! Nawauliza, je, tuwaache ng'ombe wetu wakaliwe bure?"

Tukapiga makofi. Makofi yalikuwa bado hayajawekewa ada.

Ndipo ikazaliwa Ada ya Kukaa. Getini pakawekwa trei kubwa la mchanga laini. Kila mgeni alikalishwa humo, akanyanyuliwa, kisha mpimaji akapima alama iliyobaki kwa futi ya chuma na kuitangaza kwa sauti. Mwembamba alilipa kidogo. Mwenye baraka za Mungu alilipa mshahara wa mwezi kwa saa moja. Ila sheria haikukosa huruma: mgeni aliyekubali kusimama aliingia bure kwa dakika kumi, akisindikizwa na mlinzi mwenye saa.

Na mgeni, kwa tafsiri ya sheria, ni mtu yeyote aliyeko katika nyumba isiyo yake. Kwa hiyo hata jirani wa ghorofa moja akivuka ukumbi kuja kwako kuomba chumvi, ni mgeni. Akikaa, kakaa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haukupita mwaka, Mwinuko wote tukawa wagonjwa, kila mtu kwake, mlango umefungwa. Mke wangu Mwatumu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Watoto hatukujaaliwa. Nilibaki na viti sita vya mninga. Jumamosi nilikalia cha kwanza, Jumapili cha pili, nikiendelea hivyo ili vyote vipate kutumika. Siku ya Alhamisi ilikuwa zamu ya kiti cha Mwatumu. Ijumaa nilikwenda msikitini, nikirudi nalala. Nilikuwa mpweke, jamani, sina neno jingine la kulipamba jambo hilo.

*

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa Bi Mwanakheri, mjane wa rafiki yangu Shaame. Kwa ajili ya urafiki ule aliniita shemeji, nami nikamwita shemeji. Tulisalimiana ukumbini kila mtu kasimama kizingitini kwake, maana kizingiti ni cha mwenye nyumba.

Bi Mwanakheri alikuwa na mdogo wake mmoja tu duniani, Mwanaidi, mkaanga vitumbua wa Kinamasi, ng'ambo ya daraja. Sasa Mwanaidi, Mungu ambariki, hakuumbwa kwa haraka. Mara ya kwanza alipokalishwa kwenye mchanga, mpimaji aliomba asaidiwe futi ya pili. Mwanaidi akacheka mpaka trei likatikisika, akasema, "Mwanangu, andika tu kwamba nimekujia na shamba langu." Lakini alipotajiwa ada, kicheko kilimkatika.

Akawa anakuja kwa zile dakika kumi za kusimama. Nakumbuka sikukuu moja alikula biriani la dada yake kasimama, sahani mkononi, mlinzi kando yake akitazama saa. Alikuwa na magoti mabovu. Dakika ya saba jasho lilimtiririka, na Bi Mwanakheri akamwambia, "Nenda, mdogo wangu, nenda kapumzike." Hakuja tena. Wakawa wanazungumza kwa simu, na kila simu ikikatwa Bi Mwanakheri alibaki akiitazama kama imemjibu vibaya.

Yakapita miaka minne. Ndipo akafariki mzee mmoja wa ghorofa ya juu yetu. Kuosha maiti, huko Mwinuko, palikuwa na mkandarasi: kampuni iliyoshinda zabuni ya kuosha magari ya madiwani, ikaongezewa wafu kwenye mkataba huohuo ili kubana matumizi. Walikuja vijana watatu na mabuti ya mpira na bomba refu la maji. Bi Mwanakheri aliwaona wakipanda ngazi. Jioni ile alisimama kizingitini kwake, akanitazama muda mrefu bila kunisalimu.

"Shemeji," akasema, "mimi nikifa, anioshe Mwanaidi. Mikono yake naijua. Niahidi."

"Nakuahidi," nikasema. Kwa sheria ipi, sikujua.

*

Bi Mwanakheri hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa na tabia ya kufungia vitunguu vyake katika Gazeti la Serikali, kwa kuwa karatasi yake ni nene, na siku moja alipokuwa anamenya macho yakamwangukia kwenye kifungu cha kumi na moja. Alinigongea.

"Hodi!"

Wallahi nilisahau kinachojibiwa. Nilisimama nyuma ya mlango nikitafuta neno, mpaka akalitaja mwenyewe: "Sema karibu, shemeji, usinichoshe." Nikafungua. Akabaki kasimama, kanishikia lile gazeti lenye harufu ya kitunguu.

"Soma hapo."

Nikasoma: *Anayekaa mkekani kwa ajili ya msiba hahesabiwi kuwa amekaa, anaomboleza. Msamaha huu ni wa siku tatu.*

"Nimeelewa," nikasema. "Lakini hujafiwa."

"Nimefiwa. Nimefiwa na mjomba wangu, Mwinyi Hija. Fomu inataka shahidi jirani. Tia sahihi."

"Inna lillahi! Sikupata kumjua. Alikuwa wapi?"

"Hajapata kuwapo popote. Ndiyo maana hutamkosea kwa kumwandika kafa. Tia sahihi, dakika zangu zinakwenda."

Miaka thelathini na moja ya utumishi, sikuwahi kutia sahihi kwenye uongo nisioamriwa na mkubwa wangu. Nikatia.

*

Mwanaidi alipita getini asubuhi amejifunga kanga mbili, akilia kwa sauti ya kutosha, na trei la mchanga likasogezwa kando. Ndugu na majirani wa Kinamasi wakamfuata. Ukafukizwa ubani, wanawake wakajaa sebuleni kwa Bi Mwanakheri, na sisi wanaume tukatandika majamvi ukumbini. Milango ya ghorofa nzima ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Watu niliowajua kwa kikohozi chao tu, kupitia ukutani, walitoka wakiwa na sura.

Kifo cha wengi arusi. Siku ya kwanza tulinong'ona. Siku ya pili tulikuwa tunapigania kahawa, na mstaafu mmoja wa bandari akaanza kueleza Mwinyi Hija alivyokuwa mpole. Mwingine akasema ndiyo, mpole, lakini ukimchokoza! Wa tatu akakumbuka walivyocheza bao pamoja. Sikuwasuta. Niliona wanachokitafuta, hata mimi nilikuwa nakitafuta hichohicho. Kutoka sebuleni nikamsikia Bi Mwanakheri akicheka, na Mwanaidi akimfunika mdomo, "Dada, nyamaza, tunafiwa!"

Siku ya tatu, kwenye hitima, nilimlilia Mwinyi Hija kwa machozi ya kweli. Nililia mpaka jirani akanipa leso yake. Alidhani tulikuwa marafiki.

Saa kumi jioni walinzi wakaja kukunja majamvi.

*

Siri ya Mwinuko ilidumu siku nne. Siku ya tano mama wa ghorofa ya chini akafiwa na shangazi. Wiki iliyofuata tukazika, kwa maneno, wajomba tisa, mabinamu sita na somo wa mtu, aliyechangia naye jina tu. Mwezi ulipokwisha wafu walikuwa themanini na watatu na jeneza halijaonekana. Matanga kila ghorofa, pilau kila kona. Mimi nilihudhuria yote. Ya kwangu sikuyaweka, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwita kutoka ng'ambo ya daraja.

Balozi mmoja akaogopa kuwa kuna tauni, akauza nyumba. Bei ya ng'ombe wetu wa taifa ikashuka, na Mheshimiwa Daktari Lubasha akapanda tena jukwaani, uso umemvimba.

"Wakazi wa Mwinuko, mnakufa ovyo!" alifoka. "Mnafiwa bila mpango, bila bajeti, bila kuzingatia soko! Kuanzia leo kila mkazi atapewa Kadi ya Matanga. Ni moja, na itatumika mara moja. Waliokwisha kuomboleza wamekwisha kuomboleza. Penye kadi, ndugu wataingia na kuosha maiti wao. Pasipo na kadi, mkandarasi yupo, na bomba lake lina maji ya kutosha."

Kadi zikagawiwa mlango kwa mlango. Ya Bi Mwanakheri ilikuja imekwisha gongwa muhuri mwekundu: IMETUMIKA. Za majirani wote zilikuwa vivyo hivyo. Yangu ilikuwa nyeupe, safi. Mgawaji alinipongeza kwa uzalendo.

Bi Mwanakheri aliushika ule muhuri wake kwa kidole, kama mtu anayejaribu joto la pasi. "Nimemlipia Mwinyi Hija," alisema, "na mimi ndiye niliyemzaa." Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja, nami sikuweza hata kuvuka ukumbi nikakae karibu naye.

*

Bi Mwanakheri alifariki mwezi wa Rajabu, asubuhi, wakati wa kuchemsha chai. Nilijua kwa sababu birika lake lililia bila kuepuliwa. Niliingia bila hodi, nikamkuta ameegemea ukuta kama aliyesimama kupumzika. Nilimfumba macho. Kisha nikampigia Mwanaidi, na kabla sijasema neno alishaanza kulia, maana kwa miaka yote sikuwahi kumpigia.

"Shemeji, nakuja," alisema. "Nakuja, na wasinifungie."

Wakamfungia. Nilipofika getini nilimkuta ameshika nondo kwa mikono miwili, kanga imemwanguka begani, na mlinzi akimweleza kwa upole kwamba marehemu tayari ameshafiwa. Nyuma yangu nikasikia gari la mkandarasi likiwashwa. Nikakimbia ofisini. Nina miaka sabini na moja, nilikimbia.

Dirishani alikuwa karani, binti mwenye miwani, aitwaye Tausi. Nikaiweka kadi yangu mbele yake.

"Nataka itumike kwa Bi Mwanakheri."

"Shikamoo, mzee. Kadi haihamishiki." Akaifungua sheria, akaisoma, akarudia kuisoma. Nilimpenda kwa kuirudia. "Lakini naona mwenye kadi hazuiwi kuitumia. Matanga haya yatakuwa ya jina lililo kwenye kadi. Pa kuyafanyia, sheria haisemi."

"Ikishatumika inakuwaje?"

"Jina linafungwa."

"Linafungwa vipi?"

Akavua miwani. "Linafariki, mzee. Utakuwa umekufa."

"Na Bi Mwanakheri?"

"Yeye kadi yake imekwisha. Hana namna ya kufa. Ataendelea kuwa hai kwenye daftari mpaka itungwe sheria nyingine."

Kwa hoja ya kikarani hapakuwa na kosa. Nilitamani kuandika dokezo. Badala yake nikasema, "Gonga, binti yangu." Akagonga, huku analia, na muhuri ukaenda upande.

*

Vijana wa bomba walikuwa wamefika mlangoni, mimi na Mwanaidi tulipowarudisha kwa kadi ile iliyogongwa. Mwanaidi aliingia chumbani na wanawake wenzake wa Kinamasi. Sisi tulikaa ukumbini kimya, tukisikia maji yakimiminwa kidogo kidogo kwa kata, na sauti yake akizungumza na dada yake kwa chini, kama mtu anayemwogesha mtoto asiamke. Nilikuwa nimetimiza ahadi. Nilikaa pale mkekani, kwenye matanga yangu, nikalia kwa mara ya pili.

Akaja Mkaguzi wa Majonzi na daftari lake. Alisimama mlangoni pa sebule akasoma: "Matanga ya Mzee Ngwali bin Makungu. Mfiwa ni nani?"

Nikainamisha kichwa. Nilijua jibu: marehemu hana mtu.

"Mimi," ikasema sauti ya Mwanaidi kutoka ndani.

"Marehemu ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

"Alikuwa mtu wa namna gani? Jibu linahitajika kwa kumbukumbu."

"Dada yangu alikuwa akinieleza habari zake kwenye simu," akasema. "Alikuwa na viti sita, na hana wa kumkaribisha. Andika hivyo."

Mkaguzi akaandika. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa karibu na miguu yake, akaniambia, "Pole, mzee."

*

Tangu hapo nilikuwa marehemu, na siwezi kusema nilionewa, kwa kuwa utaratibu ulifuatwa. Pensheni ilisimama siku ileile. Serikali yetu, ambayo huchukua miaka miwili kukubali kwamba mtu amezaliwa, hukubali kifo chake kabla ya adhuhuri. Dukani nilichukua nyanya moja, mashine ikaikataa kadi yangu ya benki. Muuzaji akasoma, uso ukambadilika.

"Inasema mwenye kadi amefariki. Pole sana. Alikuwa ndugu yako?"

"Tulikuwa tunakaa pamoja," nikasema, nikairudisha nyanya.

Majirani wakanikwepa ukumbini. Siwalaumu, kumsalimia marehemu hakujawekewa ada bado, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuambiwa kiasi gani. Wiki ya sita wakaja wapimaji kutathmini nyumba ya marehemu. Walikuwa na adabu. Mmoja aliniomba nimshikie ncha ya futi, nikamshikia, tukapima pamoja sebule yangu, chumba changu, na mahali Mwatumu alipozoea kuswali. "Ng'ombe mia mbili na arobaini," akasema kwa furaha. Mlango wa pili wakaupita. Kwa daftari lao, Bi Mwanakheri alikuwa ndani.

Kesho yake nikakibeba kiti cha Mwatumu kichwani, nikaenda getini.

"Jina?" akauliza mlinzi.

"Marehemu Ngwali."

Akaangalia orodha. "Marehemu hatozwi. Ila ukitoka, mzee, huingii tena."

"Ndivyo nilivyosikia," nikasema.

Nilivuka daraja kwa miguu. Kinamasi ni matope matupu, na mwanzo wa uchochoro nilivua viatu bila kufikiri. Mwanaidi alikuwa barazani kwake mbele ya kikaango, kijiti cha kugeuzia vitumbua mkononi. Aliponiona aliinuka. Alikipokea kiti, akakifuta kwa kanga yake, akakiweka karibu na cha kwake.

"Karibu, shemeji. Kaa."

Nikasimama. Nikamtazama, nikakitazama kiti, nikatafuta ukutani kama kuna saa.

"Nikae kwa muda gani?" nikauliza.

Mwanaidi akacheka kile kicheko chake kikubwa, watu wa nyumba ya pili wakachungulia. Halafu akanitazama vizuri, akaona sikuwa natania. Akakiweka kijiti chini, akaviacha vitumbua vikiungua, akanishika mabega kwa mikono yake miwili, akanikalisha.